Je, Picha ya Ubongo Yaweza Kutabiri Mwenendo wa Mtoto?

Katika mazoezi ya kufundisha ya muhula mmoja uliopita nilikwenda kumtazama mwanachuo mmoja katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Mpanda. Kipindi kilikuwa cha Hisabati, Darasa la Tatu, na mada ilikuwa kugawanya. Mwanachuo aliandika ubaoni kwa mwandiko mzuri: "Mama ana maembe 12. Ana watoto 3. Atawagawiaje?" Mtoto mmoja wa kiume aliyeketi nyuma, ambaye mpaka hapo hakuwa amenyoosha mkono hata mara moja, akasimama akajibu: "Mkubwa sita, wa kati manne, mdogo mawili." Darasa likaangua kicheko. Mwanachuo akamwambia aketi, akamwita mwingine, akapata "manne", akaendelea na somo. Kipindi kilipokwisha nilisoma tathmini aliyoiandika chini ya andalio lake la somo. Wanafunzi wengi, aliandika, wameelewa, isipokuwa mmoja ambaye ni mzito wa akili.

Tulipoketi chini ya mwembe kuzungumza juu ya kipindi kile, aliitetea tathmini yake kwa maneno ambayo sikuyatazamia. "Mkufunzi," alisema, "wenzetu walioendelea wana mashine za kupiga picha ya ubongo. Mtoto kama huyu angepigwa picha moja tu, tungejua mapema atakuwa mtu wa namna gani, tusipoteze muda." Alikuwa ameyasikia hayo katika semina. Nami nimekwisha kuyasikia kwa wengine pia, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Maoni yangu ni kwamba picha ya ubongo huonyesha jambo la kweli, lakini jambo hilo halitabiri mwenendo wa mtu mpaka ijulikane amelelewa wapi na amefunzwa kutarajia nini kwa wenzake. Maarifa haya ya pili hayamo ndani ya mashine.

Yafaa kwanza tuelewe mashine yenyewe hufanya nini. Mtu hulazwa ndani ya sumaku kubwa iliyo mfano wa pipa, akaambiwa atulie, kisha akaonyeshwa picha au akaulizwa maswali. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi zaidi hupelekewa damu nyingi zaidi yenye oksijeni, na damu hiyo huiathiri sumaku kwa namna tofauti na damu iliyokwisha kutoa oksijeni yake. Jambo hili lilielezwa na Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990, na tangu mwaka 1992 limetumiwa kuchunguza ubongo wa watu walio hai na timamu. Kwa hiyo mashine haipigi picha ya wazo. Hupima nyendo za damu, nazo huchelewa sekunde kadhaa baada ya kazi ya ubongo kuanza. Mtu aliyesimama kilimani akiangalia moshi wa majiko ya kijiji aweza kusema ni nyumba ipi inayopika. Hawezi kusema kinachopikwa ni ugali wa mahindi au wa muhogo, wala nani amealikwa.

Hata hivyo tusiwadhulumu wataalamu. Yapo mambo waliyoyatabiri. Mwaka 2012 Emily Falk na wenzake nchini Marekani waliwaonyesha wavutaji wachache wa sigara matangazo ya kuwahimiza watu kuacha kuvuta, huku wakipima ubongo wao. Tangazo lililoamsha zaidi sehemu fulani ya mbele ya ubongo ndilo lililokuja kuleta simu nyingi zaidi za watu waliotaka kusaidiwa, ingawa wavutaji wenyewe walipoulizwa kwa mdomo walichagua matangazo mengine. Mwaka 2013 Eyal Aharoni na wenzake walitoa habari za wafungwa 96 wa New Mexico waliopimwa ubongo kabla ya kufunguliwa, kisha wakafuatiliwa kwa muda wa miaka minne. Wale ambao sehemu ya kujizuia katika ubongo wao ilifanya kazi kwa uchache walikuwa karibu mara mbili zaidi katika hatari ya kukamatwa tena. Haya si mambo madogo. Lakini angalia neno "kukamatwa". Mtu hukamatwa na polisi, chini ya sheria fulani, katika mtaa fulani. Picha iliyotabiri kukamatwa katika New Mexico imetabiri ubongo na New Mexico kwa pamoja, na hakuna awezaye kuutenga ubongo ule na mji ule akaupeleka Inyonga ukasema jambo lile lile.

Sasa niwaletee mfano ulio karibu nasi zaidi, tena unaohusu kugawana, jambo lile lile lililomponza mtoto wetu.

Upo mchezo uliotungwa na wanauchumi wa Ujerumani na kutangazwa mwaka 1982. Watu wawili wasiojuana hupewa fungu moja la fedha. Wa kwanza huamua amgawie mwenzake kiasi gani. Wa pili hukubali au hukataa. Akikubali, kila mmoja huchukua chake. Akikataa, wote wawili hukosa. Mwenye kufikiri faida tu atakubali hata senti moja, kwa kuwa senti moja ni bora kuliko kukosa. Lakini watu sivyo walivyo.

Mwaka 2003 Alan Sanfey na wenzake katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitangaza matokeo ya mchezo huo uliochezwa na watu 19 waliokuwa ndani ya mashine ya picha. Fungu lilikuwa dola 10. Mtu alipogawiwa dola moja au mbili, sehemu ya ubongo iitwayo insula, iliyojificha ndani ya mkunjo ubavuni mwa ubongo na ambayo huamka pia mtu anaponusa au kuonja kitu cha kuchukiza, ilifanya kazi sana. Kadiri ilivyofanya kazi ndivyo mtu alivyoelekea kukataa. Tena iliamka zaidi mgawaji alipokuwa binadamu kuliko alipokuwa kompyuta. Hapa basi mashine imetabiri mwenendo: tazama insula, utajua kama mtu atakataa.

Katika mwaka huo huo wa 2003, Brian Paciotti na Craig Hadley walitangaza matokeo ya mchezo ule ule uliochezwa Mpimbwe. Ndiyo, Mpimbwe hii yetu, ambayo wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Rukwa na sasa imo katika Mkoa wa Katavi tangu mkoa huu ulipoanzishwa mwaka 2012. Hawakuwa na sumaku yoyote. Walikuwa na fedha taslimu, watu wa vijijini, na muda wa kukaa nao. Waliocheza walikuwa Wapimbwe, ambao ni wenyeji, na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Wasukuma waligawa mafungu makubwa kuliko Wapimbwe.

Mtu mvivu wa kufikiri atasema upesi kwamba basi Wasukuma ni wakarimu kwa kuzaliwa na Wapimbwe ni wachoyo. Watafiti wale hawakusema hivyo, nami nawaomba wanachuo wasije wakasema hivyo darasani. Walitazama mambo ambayo watu wameyajenga ili kuishi pamoja. Wasukuma walikuja na taratibu zinazovuka mpaka wa kijiji, hasa Sungusungu, iliyoanza huko Usukuma na Unyamwezi katika miaka ya mwanzo ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Mtu aliyezoea kuitwa usiku kwenda kumsaidia mtu wa kijiji cha mbali, na kutozwa faini asipokwenda, amekwisha kufunzwa kwamba hata asiyemjua ana haki juu yake. Mpimbwe naye ana taratibu zake, zilizoota katika historia nyingine, na uaminifu wake umesimama juu ya watu anaowajua.

Fikiri sasa kwamba tungeileta ile mashine ya Princeton mpaka Majimoto au Kibaoni. Tungeona insula ikiamka kwa mtu huyu na kutulia kwa yule. Lakini ni fungu gani lingeiamsha? Hilo lisingejulikana kwa kutazama picha. Lingejulikana kwa kujua mwenyewe anaita nini haki.

Nasema hivi kwa sababu mchezo huo umepelekwa mahali pengi. Joseph Henrich na wenzake walitangaza mwaka 2001 habari za jamii ndogo 15 katika nchi 12, na miongoni mwao walikuwamo Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi na Wasangu wa Usangu hapa Tanzania, pamoja na Waorma wa Mto Tana nchini Kenya. Wahadzabe waligawa mafungu madogo, na mara nyingi yakakataliwa, ingawa ni watu wanaogawana nyama kambini siku zote. Huko Papua New Guinea, Waau na Wagnau walikataa hata mafungu yaliyozidi nusu! Kwao zawadi kubwa ni deni, na mwenye kuipokea amejifunga kumtumikia mtoaji. Kwa mtu wa namna hiyo huenda dola saba kati ya kumi ndizo zingemchukiza. Nao Waorma, walipochezeshwa mchezo mwingine wa kuchangia mfuko wa pamoja, waliutambua mara moja wakauita mchezo wa harambee. Kumbe walikuwa wamekwisha kuwa na jina la jambo lile kabla mtafiti hajafika. Hakuna mashine ingeweza kumwambia mtafiti neno "harambee".

Lipo pia suala la hesabu. Uchunguzi mwingi wa picha za ubongo umefanywa kwa watu wachache mno, aghalabu ishirini au thelathini. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walikusanya picha za watu wapatao 50,000 na kuonyesha kwamba uhusiano kati ya umbo au utendaji wa ubongo na tabia au akili za mtu ni mdogo sana, hata kuuona kwa uhakika kwahitaji maelfu ya watu. Tena picha hizo karibu zote zilitoka Marekani na Uingereza. Mwaka 2010 Henrich na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Wahenga wetu walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hapa methali hiyo imekuwa kweli kwa namna ambayo wao wenyewe hawakuiwaza: vile vifaa vinavyobandikwa kichwani kupima umeme wa ubongo vilitengenezwa kwa nywele laini, havishiki vizuri katika nywele zetu, na kwa hiyo watu weusi wameachwa nje ya uchunguzi mara nyingi. Ilikuwa mwaka 2020 tu ambapo wahandisi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitangaza vibanio vinavyokaa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Binti yeyote wa Darasa la Tano angeweza kuwaonyesha mapema.

Kuna sababu nyingine ya kutahadhari, na hii ni ya uchungu kwa mwalimu wa Afrika Mashariki. Kutabiri mwenendo wetu kwa kutazama ubongo wetu si jambo jipya. Katika miaka ya 1930 mjini Nairobi, daktari F. W. Vint alipima ubongo wa Waafrika 100 waliofariki, na mwaka 1934 akatangaza kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya una uzito mdogo kuliko wa Mzungu kwa sehemu ipatayo moja ya kumi. Mwenzake, H. L. Gordon, alitumia madai ya namna hiyo kuonya kwamba elimu ya Kizungu yaweza kumharibu Mwafrika akili. Tafakarini maana yake, ninyi mnaojiandaa kufundisha: mizani ya maiti ilitumiwa kuhoji kama mtoto apelekwe shule. Kisha akaja J. C. Carothers, aliyekuwa ameiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata aliandika kwa ajili ya Serikali ya kikoloni ya Kenya maelezo juu ya saikolojia ya Mau Mau. Watu walionyang'anywa ardhi wakaasi, naye akatafuta sababu vichwani mwao. Frantz Fanon alimjibu kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1961.

Sisemi kwamba wapiga picha wa leo ni Carothers wengine. Wengi wao ndio wanaokosoa kazi zao wenyewe kwa ukali kuliko mimi. Nasema kwamba kosa la aina ile ni jepesi kufanyika kila mara mtu mmoja anapokuwa na kifaa na mwingine hana neno.

Wala sisemi mashine hizo hazitufai. Mjini Blantyre, nchini Malawi, mashine ya sumaku iliwekwa hospitalini mwaka 2008, na Terrie Taylor na wenzake wakaitumia kuwachunguza watoto 168 wenye malaria iliyopanda kichwani. Mwaka 2015 walieleza kwamba kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakibishana juu ya kinachowaua watoto hawa, na picha ikawaonyesha pa kuanzia. Kwa sisi wa Katavi, ambako mbu hatuhitaji kujulishwa, maarifa hayo yana thamani kubwa kuliko utabiri wowote wa tabia. Tazameni tofauti yake. Uvimbe ni uvimbe, awe mtoto wa Blantyre au wa Karema. Haki ya kugawana maembe haiko hivyo.

Turudi sasa kwa mwanachuo wangu na semina yake. Uchunguzi wa mwaka 2012 uliofanywa kwa walimu 242 wa Uingereza na Uholanzi ulionyesha kwamba waliamini karibu nusu ya uzushi waliosomewa juu ya ubongo, kwa hiyo asijione mjinga peke yake. Mtasikia kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, si kweli. Mtasikia kwamba mtoto huyu ni wa ubongo wa kulia na yule wa kushoto. Picha za watu 1,011 zilizochunguzwa katika Utah na kutangazwa mwaka 2013 hazikuwaona watu wa namna hiyo. Maneno haya huvutia kwa sababu yanampunguzia mwalimu kazi. Mtoto akishapewa jina, hakuna haja ya kumwuliza.

Na kuuliza ndiyo kazi yenyewe, hasa hapa kwetu. Darasa la Mpanda laweza kuwa na mtoto wa Kibende, wa Kikonongo, wa Kifipa, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukuma, na mjukuu wa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakalimia Katumba. Wapo wanaokutana na Kiswahili cha kitabuni kwa mara ya kwanza siku wanapoingia shule. Kila mmoja amekwisha kufundishwa nyumbani nani hugawa, nani huanza kula, nani hunyamaza mbele ya mkubwa. Mtoto anayenyamaza unapomwuliza huenda hajui. Huenda vilevile anakuheshimu. Picha ya ubongo wake isingekusaidia kuyatenga hayo mawili kama vile ambavyo dakika tano za kuzungumza naye wakati wa mapumziko zingekusaidia. Najua madarasa yetu yamejaa na dakika tano ni nyingi. Basi anza na yule mmoja uliyetaka kumwandikia neno baya katika tathmini. Kabla ya kuliandika, mwulize amefikaje kwenye jibu lake, mwulize kwa upole asije akadhani anashtakiwa, na uandike maneno yake kama alivyoyasema. Mkufunzi akija, maneno hayo ndiyo atakayotaka kuyaona.

Sisi tulimwita mtoto yule chini ya mwembe. Alisimama akitazama vidole vya miguu yake. Mwanachuo alimwuliza kwa nini mkubwa apate sita. Alieleza kwamba kaka yake huondoka na ng'ombe alfajiri na kurudi jua linapozama bila kula kitu, ilhali mdogo wao hushinda na mama na hula kutwa nzima. Sita na manne na mawili ni kumi na mbili. Hakukosea kujumlisha, hakukosea kugawa, na swali la ubaoni halikuwa limesema popote kwamba mafungu yalingane.

Mwanachuo alikaa kimya kidogo, kisha akaomba kalamu yangu akakata mstari mmoja katika tathmini yake. Siku ya pili aliliandika swali upya na kuongeza neno "sawasawa". Yule mtoto alinyoosha mkono, akajibu "manne", akabaki amesimama. Mwalimu alipomwuliza anangoja nini, alitaka kujua kama maembe ya kaka yake yatawekewa mpaka arudi.